Kipindi cha Michezo Kisinyakuliwe

Shule zilipofungwa nchini Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi tulililia masomo tukausahau mwili wa mtoto. Wanafunzi wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo, mtoto wa mtaa wa maghorofa alishinda mbele ya runinga akila vibanzi, akalala usiku wa manane. Mwenzake aliyetegemea chakula cha shuleni alikonda. Huko Marekani, watafiti wa serikali walibaini kuwa watoto na vijana wanene kupindukia waliongezeka kutoka asilimia 19 Agosti 2019 hadi asilimia 22 Agosti 2020.

Kumbe shule ndiyo iliyowapa watoto uwanja wa kukimbilia, sahani ya mchana na saa ya kulala! Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto apate dakika 60 za mazoezi kila siku. Basi, ndugu mwalimu, unapokinyakua kipindi cha michezo ili ufundishe hesabu, wamrudisha mtoto katika kifungo alichokwisha kukitumikia. Tabia njema hujengwa sasa. Samaki mkunje angali mbichi.