Kugawa si Kutumia: Jinsi Kikundi Kinavyoweza Kupima Kazi Yake ya Afya



Mwaka unapokwisha, vikundi vingi huandika ripoti. Tumechimba vyoo kadhaa, tumegawa mitungi ya kunawia mikono, tumefanya semina nne. Watu hupiga makofi, mweka hazina husoma hesabu, kisha tunafunga kwa sala. Hiyo ni kazi njema. Lakini mara nyingi kuna swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza: je, watoto wetu wanaharisha kidogo kuliko zamani?

Tusidhani jibu ni ndiyo kwa sababu tumechoka na kazi. Hebu tuangalie jambo lililotokea hapa hapa Kenya.

Yaliyoonekana magharibi mwa Kenya

Kuanzia mwaka 2012 utafiti mkubwa ulifanywa vijijini katika Bungoma, Kakamega na Vihiga. Akina mama wajawazito 8,246 waliandikishwa, na watoto wao wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Vijiji vingine vilipewa dawa ya klorini ya kutibu maji. Vingine vilitengenezewa vyoo. Vingine vilipewa mitungi ya kunawia inayoinamishwa kwa mguu, mmoja wa maji na mwingine wa maji ya sabuni. Vingine vilifundishwa lishe na kupewa chakula cha nyongeza cha mtoto. Kuna waliopata yote kwa pamoja. Na kuna vijiji ambavyo havikupewa lolote kati ya hayo, ili pawe na kitu cha kulinganisha. Wahamasishaji walikuwa watu wa vijiji hivyo hivyo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2018, na yaliwashangaza wengi. Watoto wa vijiji vilivyopewa maji, vyoo au mitungi waliharisha sawa na wale ambao hawakupewa. Kila ulipoulizwa habari za siku 7 zilizopita, zaidi ya robo ya watoto walikuwa wameharisha. Waliopata lishe walikua kidogo zaidi kwa urefu, lakini kuongezewa maji, vyoo na mitungi juu ya lishe hakukuzidisha urefu huo.

Je, hii ina maana kwamba kunawa mikono hakufai? La hasha. Utafiti kama huo ulifanywa pia Bangladesh, na huko kuhara kulipungua. Huko wahamasishaji walitembelea nyumba mara nyingi zaidi, na watu wakaendelea kutumia vitu walivyopewa. Kwetu, mwaka wa kwanza mitungi mingi ilikuwa na maji na sabuni. Kufikia mwaka wa pili, idadi hiyo ilikuwa imeshuka sana. Klorini pia, nyumba nyingi hazikuwa nayo kwenye maji ya kunywa. Huenda kuna sababu nyingine, kwa mfano vijidudu vya kuku na mifugo wanaozunguka mahali mtoto anapotambaa. Lakini somo la kwanza liko wazi: kitu kilichogawiwa na hakitumiki hakimlindi mtoto.

Kikundi chako kifanye nini?

Huhitaji profesa. Unahitaji daftari, kalamu, na watu wawili au watatu waaminifu.

1. Hesabu kabla ya kuanza. Tuseme kijiji chenu kina maboma 40. Tembeleeni yote. Andikeni wangapi wana choo kinachotumika, wangapi wana maji na sabuni karibu na choo, na watoto wangapi wa chini ya miaka 5 wameharisha siku 7 zilizopita. Bila hesabu hii ya mwanzo, baadaye mtakuwa mnabahatisha tu.

2. Angalia kwa macho. Ukimwuliza mama, "Je, mnanawa mikono?" atasema ndiyo, nani ataaibika mbele ya mgeni? Badala yake tazama: mtungi una maji? Sabuni iko? Njia ya chooni imekanyagwa au imeota nyasi? Omba ruhusa kwanza, na usimwaibishe mtu. Majina yasisomwe mkutanoni, someni idadi tu.

3. Rudi tena na tena. Wiki ya kwanza kila mtu ana bidii. Pimeni mwezi wa tatu, wa sita, na wa kumi na mbili. Hapo ndipo ukweli hujitokeza.

4. Linganisha msimu na msimu. Kuhara hupanda na kushuka kulingana na mvua na hali ya maji. Mkipima wakati wa mvua kisha mkapima tena wakati wa kiangazi, mnaweza kujisifu kwa kazi iliyofanywa na hali ya hewa. Aprili ilinganishwe na Aprili. Ikiwezekana, ombeni kijiji jirani ambacho hakijaanza kazi hiyo nacho kihesabu. Kuhara kukipungua sawasawa pande zote mbili, msijipe sifa bado.

5. Uliza kwa nini. Mkikuta mitungi 25 kati ya 40 imekauka, msianze kulaumu. Ulizeni. Pengine kisima kiko mbali na maji hayatoshi. Pengine mtungi ulipasuka na hakuna wa kuurekebisha. Pengine kipande cha sabuni kilichukuliwa kufulia nguo. Kila sababu ina dawa yake. Kwa sabuni, kwa mfano, changanya sabuni kidogo ya unga na maji katika chupa, toboa kifuniko, uitundike pale. Haichukuliwi kufulia, na inadumu.

6. Badilisha, kisha pima tena. Kama njia haifanyi kazi, ni heri kuiacha kuliko kumaliza pesa za kikundi kwa ajili ya ripoti nzuri.

Daftari hilo mpelekeeni mhudumu wa afya wa kijiji na muuguzi wa zahanati. Wao wanaweza kuwaambia kama wanaona watoto wachache zaidi wanaoletwa.

Msione haya mkikuta matokeo mabaya. Bwana wetu alifundisha kwamba mwenye kutaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Sisi nasi tukae tuhesabu hata baada ya kujenga. Kikundi kinachosema ukweli, "Tulijaribu, haikufaulu, sasa tumebadilisha," kinawasaidia watoto kuliko kikundi chenye ripoti ya kupendeza.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Mwaka jana tuligawa nini? Leo ni vingapi bado vinatumika?
- Tunajuaje? Tuliona kwa macho au tuliambiwa?
- Ni nyumba zipi zilizoacha, na nani atakwenda kuzungumza nazo kwa upole?
- Tutapima tena lini, na daftari litawekwa na nani?