Ukihamia pembezoni mwa jiji, mwili unapata nini na unalipa nini?

Wakazi wa Dar es Salaam wanazidi kufunga virago. Wanatoka Manzese, Buguruni, Tandale na Ilala, wanakwenda kujenga Chanika, Goba, Bunju na Kigamboni, na wengine wanavuka kabisa mpaka wa mkoa hadi Kibaha na Kisarawe. Ukiwauliza sababu, kwanza watakutajia bei ya kiwanja, kisha watakwambia, “Kule kuna hewa.”

Je, hiyo hewa ipo kweli, au ni maneno ya madalali wa viwanja? Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na jibu lao ni kwamba faida zipo na zinapimika. Ila zina masharti, na wengi huyagundua wakiwa wameshaezeka.

Kelele usizozikumbuka asubuhi

Jicho lina kope, sikio halina. Ukiwa umelala fofofo, ubongo unaendelea kusikia muziki wa baa, honi ya bodaboda na muungurumo wa jenereta la jirani. Kila kishindo kinapopita, mwili humwaga homoni za tahadhari, zikiwamo adrenalini na kotisoli. Mapigo ya moyo huongezeka na mishipa ya damu hubana. Asubuhi hukumbuki kitu, lakini moyo ulikuwa kazini usiku kucha. Hali hiyo ikijirudia mwaka baada ya mwaka, hatari ya shinikizo la damu na maradhi ya moyo hupanda.

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa nchi za Ulaya likishauri wastani wa kelele za magari usizidi desibeli 53, na usiku usizidi 45. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia kama desibeli 60. Chumba kinachotazamana na kituo cha daladala au ukumbi wa starehe hakiwezi kukaa ndani ya kiwango hicho. Kwa upande wa usingizi, basi, anayehamia mahali tulivu anapata faida ya kweli.

Joto lisilopungua usiku

Faida ya pili ni joto. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza Luke Howard alilinganisha vipimo vya London na vya mashambani, akaona kwamba usiku wa mjini ulikuwa na joto zaidi. Sababu zinafahamika. Lami, zege na matofali hunyonya joto la jua mchana kutwa, kisha huliachia taratibu baada ya magharibi. Mti hufanya kinyume: hutoa kivuli, na maji yanayotoka kwenye majani yakigeuka mvuke hupoza hewa.

Ili mtu alale vizuri, joto la ndani ya mwili linatakiwa kushuka kidogo. Katika mitaa ambako nyumba zimebanana hadi dirisha moja linapumua kwenye ukuta wa jirani, Januari na Februari joto hilo hushuka kwa shida. Mtu anageuka kitandani hadi alfajiri na kuamka mchovu. Kiwanja chenye miti na nafasi ya kupitisha upepo hubadilisha hali hiyo bila bili ya umeme.

Hewa safi, kama jiko nalo ni safi

Kuhusu hewa yenyewe, hatari kubwa ni chembe laini mno za moshi zinazopenya hadi ndani ya mapafu na kuingia kwenye damu. Mwaka 2021, WHO ilishusha kiwango inachokipendekeza kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, baada ya kuthibitika kwamba hata kiasi kidogo kina madhara. Magari ya dizeli na uchomaji taka huzimwaga kwa wingi mjini.

Hapa ndipo wahamiaji wengi hupoteza walichokifuata. Mjini walipikia gesi. Wakifika huko wanarudi kwenye kuni kwa sababu zinapatikana bure. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama anayepulizia moto wa kuni kwenye jiko la bati lisilo na dirisha, mtoto akiwa mgongoni, anaweza kuvuta hewa mbaya kuliko muuza duka wa kando ya Barabara ya Msimbazi.

Akili na miti

Watafiti wa Ujerumani waliochapisha kazi yao mwaka 2011 katika jarida la *Nature* waliwapa watu hesabu ngumu huku wakiwakaripia, wakawa wanatazama ubongo wao kwa mashine. Waishio mijini walionyesha msisimko mkubwa zaidi katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na tahadhari. Mwaka mmoja kabla, uchambuzi wa tafiti kutoka nchi tajiri ulikuwa umeonyesha kuwa matatizo kama sonona yalikuwa juu mijini kwa asilimia 39 kuliko vijijini, na ya wasiwasi kwa asilimia 21.

Tusikimbilie kuzihamishia takwimu hizo kwetu. Utafiti wa mwaka 2018 uliohusu zaidi ya watu 200,000 katika nchi 42 za kipato cha chini na cha kati haukuona kwamba wakazi wa mijini wana dalili nyingi zaidi za kuchanganyikiwa akili kuliko wa vijijini. Umaskini, upweke na kukosa huduma humfuata mtu popote alipo.

Kinachoonekana kusaidia mara kwa mara ni mimea. Mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa kwenye vyumba vyenye dirisha linalotazama miti walitoka mapema kidogo na kutumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019, utafiti wa watu wapatao 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walielekea kuripoti afya njema zaidi. Dakika 120 ni muda mfupi, lakini lazima uwepo na macho yako yaione hiyo miti.

Bei ya umbali

Mtazame mkazi wa Chanika anayefanya kazi Kariakoo. Anatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri apate kiti. Jioni anapigania daladala, anakaa kwenye foleni, anamalizia na bodaboda, anafungua geti saa tatu usiku. Tuseme safari zinamla saa tano kwa siku. Kwa siku sita ni saa 30 kwa wiki. Usingizi aliouendea huko ndio anaoukata, na miembe ya uani anaiona Jumapili tu.

Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, waliochambua takwimu za Ujerumani, walibaini kwamba wenye safari ndefu za kazini waliridhika na maisha yao kidogo kuliko wengine, licha ya nyumba na mishahara waliyopata. Kwa hiyo umbali upimwe kwa saa. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, na treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Morogoro iliyoanza safari Juni 2024, yanaweza kuifanya sehemu ya mbali kwa kilomita iwe karibu kuliko ya jirani isiyo na barabara.

Umbali mwingine ni wa hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa mgonjwa wa kiharusi hutakiwa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana hata muda huo. Mkazi wa Kibamba ana Hospitali ya Mloganzila jirani. Aliyejenga bondeni ambako gari halipiti masika yuko mbali hata kama ramani inasema vingine.

Kuna pia malaria, ambayo nchini Tanzania huwapata zaidi watu wa vijijini. Mbu wake hupenda maji yaliyotulia na yasiyo machafu sana, kama ya mashimo ya kufyatulia tofali na mabonde ya mpunga. Na kisima cha uani kikikaribiana na shimo la choo, familia inakunywa kuhara. Mwongozo wa kawaida ni kuviachanisha angalau mita 30, ukihesabu na choo cha jirani.

Kabla ya kulipia kiwanja

Lala huko usiku mmoja usikilize. Siku ya kazi, panda daladala ya kwanza kwenda mjini na urudi jioni na wenzako, badala ya kupelekwa na gari la dalali Jumapili asubuhi. Ulizia kituo cha afya kinachofanya upasuaji usiku, na njia ya kufika wakati wa mvua. Panga bajeti ya gesi na vyandarua kabla ya ukuta wa uzio, na usikate miti yote ukisafisha kiwanja.

Anayebaki mjini naye ana la kufanya: ahamishie kitanda chumba cha nyuma, apande mti palipo na nafasi, na apeleke malalamiko ya kelele kwa serikali ya mtaa akiwa na majirani wenzake.

Kama kazi yako iko karibu na unakohamia, hama. Afya yako itakushukuru. Kama kazi inabaki Kariakoo na usafiri ni wa kugombania, subiri, maana utakuwa umenunua mahali pa kulala saa chache tu.