Je, wajua? Sanduku la vitufe 16

Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani ilitoa sanduku lenye vitufe 16 vya mpira, vinne kwa vinne. Liliitwa MPC60, na mbunifu wake alikuwa Mmarekani Roger Linn. Gonga kitufe, nacho kitatoa kipande cha sauti ulichokirekodi: ngoma, besi, au kinanda kilichokatwa kwenye santuri kuukuu. Kumbukumbu yake ilibeba sekunde 13 tu za sauti. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, hizo ni baa tano za mapigo manne manne, tena hazijatimia.

Linn aliiwezesha mashine hiyo pia kuchelewesha kidogo pigo la pili katika kila jozi ya mapigo madogo. Mdundo ukaacha kwenda kwata, ukaanza kubembea. Kwangu mimi, huo ndio uzuri wake mkubwa.

Mtengeneza biti anayemfanyia kazi mchanaji huitumia mashine hiyo kwa kujizuia. Kwa mwendo uleule, ubeti wa baa 16 huchukua karibu sekunde 43, na muda wote huo wenye nyumba ni maneno. Maneno hukaa masafa ya kati: simu za zamani zilipitisha hertzi 300 hadi 3,400 tu, na watu wakaelewana. Ukirundika tarumbeta na vinanda humo, mistari inazama. Basi besi inashuka chini, hi-hati inapanda juu, katikati panabaki wazi. Biti kama hiyo ukiisikiliza peke yake utaiona pungufu, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Mwondoe mchanaji, na upungufu uleule unaua muziki. Baa nne zikijirudia dakika nzima bila badiliko, msikilizaji ameshaondoka. Sasa ngoma zenyewe ziulize na kujibu, zikatike, zinyamaze. Wapenzi wa taarab ya Unguja wanalijua hilo kupitia bashraf, ambapo fidla na kanuni huongea bila mwimbaji. DJ Shadow wa California alilifanya kwa MPC60 katika albamu yake ya 1996, Endtroducing....., iliyojengwa kwa vipande vya santuri za watu wengine.

J Dilla wa Detroit aliziweza kazi zote mbili. Alitumia MPC3000, mashine ya ukoo huohuo, mara nyingi akipiga ngoma kwa vidole bila kuiachia mashine izinyooshe. Donuts, albamu yake ya vipande 31, ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32. Alifariki siku tatu baadaye.

Ndani ya Donuts mna kipande kiitwacho One for Ghost, chenye sauti ya mwimbaji wa soul akikumbuka alivyochapwa mkanda na mama yake. Mwaka huohuo mchanaji Ghostface Killah alichana juu ya biti hiyohiyo. Sauti ile hakuifuta. Aliiacha iendelee kulalamika, naye akasimulia viboko vya mama yake mwenyewe.