Fidla ya mwerezi: kwa nini ilipasuka baada ya miezi miwili

Mwezi Septemba fundi seremala mmoja, kutoka vijiji vya upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, alituletea studio fidla iliyofungwa kwenye khanga. Aliitengeneza mwenyewe kwa ajili ya kwaya yao, kwa mbao za mwerezi. Mwezi wa kwanza ililia vizuri. Mwezi wa pili, jua lilipokolea, uso wake ukapasuka kuanzia kwenye daraja linalobeba nyuzi hadi chini. Aliuliza: "Mti wetu haufai, au mimi ndiye nimekosea?"

Tuliposoma swali hilo hewani, wasikilizaji wengi waliandika kwamba fidla ni kazi ya mbao za Ulaya, tusijisumbue. Hatukubaliani nao.

Kweli, mafundi wa Ulaya hutumia sprusi kwa uso wa fidla. Ni mti wa jamii ya misonobari, unaokua polepole kwenye milima yenye baridi. Wanaupenda kwa kuwa ni mwepesi na wakati huohuo ni mgumu kupinda. Uso wa fidla una unene wa milimita 3 hivi tu, lakini nyuzi nne zikikazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 20. Ubao mzito ukiwekwa pale hautikisiki, na sauti haitoki. Ubao mlaini nao hubonyea.

Lakini mti mwepesi na mgumu haupatikani Ulaya peke yake. Huko Bolivia, Amerika ya Kusini, padri Mswisi Martin Schmid alifika karne ya 18 akatengeneza ala za muziki pamoja na wenyeji wa Chiquitos, kwa miti ya palepale. Hadi leo, katika mji wa Urubichá nchini humo, mafundi hutengeneza fidla kwa mwerezi na mti wanaouita mara, ambao ni wa jamii moja na mkangazi wetu. (Hata mwarobaini wa uani kwako ni wa jamii hiyo.)

Na mwerezi huo wa Amerika tunao hapa Morogoro. Uliletwa nchini kwa ajili ya mbao, na katika msitu wa hifadhi wa Kimboza umesambaa mpaka unaisonga miti ya asili. Kwa hiyo mti wa fundi wetu haukuwa na kosa.

Tukamuuliza ubao aliupata wapi. Aliununua kwa wapasua mbao, gogo likiwa na wiki mbili tangu kuangushwa. Hapo ndipo kwenye tatizo. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji, na maji yakitoka ubao hunywea. Kama umeshagandishwa kwenye mbavu za fidla, hauna pa kwenda, basi unapasuka.

Halafu ubao haunywei sawasawa kila upande. Ukitazama ncha ya gogo utaona pete za ukuaji. Kufuata mzunguko wa pete, mbao nyingi hunywea karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda ganda. Tuliitazama ncha ya mbao za fidla ile: pete zilikuwa zimelala, zimejikunja kama bakuli. Kwa uso wa fidla zinatakiwa zisimame wima, kama meno ya kitana.

Ili zisimame, gogo lipasuliwe kama unavyokata boga, vipande vinavyotoka katikati kwenda nje. Wapasua mbao hawapendi, maana mbao zinazotoka ni chache. Waeleze mapema na muelewane bei. Huhitaji gogo kubwa. Uso wa fidla ni vipande viwili tu vya urefu wa sentimita 40 na upana wa 13 hivi, vinavyounganishwa katikati.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapa ndipo wengi wetu tunashindwa. Kanuni ya mafundi wa mbao ni mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, ukikausha kwa hewa. Paka rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili, kwa sababu maji hukimbilia huko na ncha hupasuka kwanza. Panga vipande juu ya vijiti, mbali na sakafu, penye paa na upepo. Usiviweke juu ya moto wa jikoni: nje hukauka haraka, ndani bado kuna maji, na nyufa huanza hapohapo.

Utajuaje umekauka? Nenda nao dukani kila mwezi, uupime kwenye mizani, uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Uzito ukiacha kushuka, hata kiangazi kikiwa kimekolea, anza kazi.

Jambo jingine ni gundi. Fundi alitumia gundi nyeupe ya dukani. Mafundi wa fidla hutumia gundi ya ngozi, inayoyeyushwa kwa maji ya moto. Ubao ukivutika sana, mara nyingi gundi hiyo huachia kabla ubao haujapasuka, na kurudishia ni kazi ya jioni moja.

Wengi mmeuliza kuhusu mpingo. Ni mzito mno, huzama majini, hivyo haufai kwa uso. Unafaa kwa ubao wa kukanyagia vidole na funguo za kukazia nyuzi, na kwa hivyo vinatosha vipande vilivyobaki kwa wachonga vinyago. Usikate mpingo wala mkangazi kwa ajili ya fidla moja. Ni miti ya asili, na kuvuna bila kibali kutakuingiza matatani. Hata mwerezi wa Kimboza uko ndani ya hifadhi, usiingie na shoka. Anza na ofisi ya misitu ya wilaya.

Fundi wetu ameshapasua mwerezi mwingine, wa shambani kwake, na safari hii ameukata kama boga. Ana vipande vinane. Kile kizito zaidi kilikuwa na kilo moja na gramu 300 mwezi Oktoba. Novemba kilikuwa na kilo moja na gramu 180, na bado kinashuka.