Safari ndefu ya daktari anayesaka shahada mbili

KWA kawaida nchini Marekani, mwanafunzi wa udaktari husoma kwa miaka 4 baada ya kupata shahada ya kwanza. Hata hivyo, wapo wachache wanaoamua kuunganisha masomo hayo na shahada ya uzamifu, na hivyo kujitwika mzigo unaochukua takriban miaka 8 kuutua.

Safari hiyo ina hatua tatu. Katika miaka 2 ya kwanza, mwanafunzi hujifunza pamoja na wenzake kuhusu mwili, magonjwa na dawa. Kisha huagana nao na kuingia maabara, ambako hufanya utafiti na kuandika tasnifu kwa miaka 3 hadi 5. Akishaitetea, hurejea wodini kukamilisha mafunzo ya kutibu wagonjwa.

Hapo ndipo ugumu hujitokeza. Wenzake wa awali tayari ni madaktari, naye hulazimika kukumbuka aliyofunzwa miaka kadhaa iliyopita. Hata akifuzu, humsubiri miaka mingine ya mafunzo chini ya madaktari bingwa, ndiposa wengi huupita umri wa miaka 40 kabla ya kuongoza maabara zao wenyewe.

Ili gharama isiwe kizingiti, Taasisi za Kitaifa za Afya (NIH) zilianza mwaka 1964 kufadhili mpango huo katika vyuo 3, na idadi hiyo imeongezeka tangu hapo. Wanaofadhiliwa hulipiwa karo na kupewa posho.

Faida yake hudhihirika kwa Ferid Murad, mwana wa mhamiaji kutoka Albania aliyekuwa na mkahawa jimboni Indiana. Murad alipata shahada zote mbili katika Chuo Kikuu cha Western Reserve mwaka 1965.

Kwa karibu karne moja, madaktari walitumia nitrogliserini kutuliza maumivu ya kifua yatokanayo na moyo bila kuelewa inavyofanya kazi. Mwaka 1977, Murad alionyesha kuwa dawa hiyo hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, inayolegeza mishipa ya damu. Mwaka 1998 alituzwa Nobel pamoja na Robert Furchgott na Louis Ignarro.

Kwa anayetaka kutibu tu, miaka 4 na mafunzo ya hospitalini yatamtosha. Njia hii ndefu humfaa yule asiyeridhika kuona dawa ikiponya bila kujua sababu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.