Masada: Yaliyofukuliwa na yaliyobaki hekaya

Juu ya mwamba uliojitenga kando ya Bahari ya Chumvi, nchini Israeli, kuna magofu ya Masada, ngome ambayo sifa zake zimevuka mipaka ya nchi hiyo. Yasemekana kwamba huko Wayahudi 960 walichagua kufa kwa mikono yao wenyewe kuliko kuwa watumwa wa Warumi. Swali ambalo limewashughulisha wataalamu kwa miongo mingi ni hili: ni sehemu gani ya kisa hicho inayothibitishwa na mawe na mifupa?

Mwamba huo una kimo cha zaidi ya mita 400 kutoka ufuo wa bahari, na kilele chake ni tambarare. Mfalme Herode, aliyetawala Yudea kuanzia mwaka wa 37 hadi 4 KK, alijenga hapo kasri la ngazi tatu, hamamu, maghala ya chakula na ukuta wa kuzunguka kilele chote. Ingawa mvua ni haba jangwani humo, mafundi wake walichonga mabirika 12 kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi. Maji ya mafuriko yalielekezwa humo kwa mifereji, na mabirika hayo yaliweza kuhifadhi takriban lita milioni 40.

Mwaka wa 66 BK Wayahudi waliasi utawala wa Roma. Kundi la Sikarii, ambalo jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya jambia, lilitwaa Masada. Yerusalemu ilianguka mwaka wa 70 na Hekalu likateketezwa. Miaka mitatu au minne baadaye, Gavana Flavius Silva aliizingira ngome hiyo kwa Jeshi la Kumi.

Kisa cha yaliyofuata kinatoka kwa mwandishi mmoja tu wa kale, Josephus. Anaeleza kwamba Warumi walipanda kwa tuta walilolijenga upande wa magharibi, wakabomoa ukuta, kisha wakangoja mapambazuko. Usiku huo, kiongozi wa waasi, Eleazar ben Yair, aliwashawishi wenzake kwa hotuba ndefu. Wanaume waliwaua wake na watoto wao. Kisha wanaume 10 waliochaguliwa kwa kura wakawaua waliobaki, na mmoja wa hao 10 akawamaliza wenzake kabla ya kujiua. Walionusurika ni wanawake wawili na watoto watano waliojificha.

Josephus hakuwapo. Yeye mwenyewe alikuwa kamanda wa waasi aliyezingirwa na Warumi mwaka wa 67 huko Jotapata. Huko nako, kwa maelezo yake, wenzake waliokuwa wamejificha pangoni waliuana kwa kura, naye akabaki hai na kujisalimisha. Isitoshe, ilikuwa desturi ya wanahistoria wa zama zile kutunga hotuba walizozitia vinywani mwa wahusika wao.

Kati ya mwaka wa 1963 na 1965, mwanaakiolojia Yigael Yadin, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi ya Israeli, aliongoza uchimbaji mkubwa akisaidiwa na maelfu ya watu waliojitolea kutoka nchi nyingi. Kuhusu kuzingirwa kwenyewe, hakuna shaka: kambi 8 za Warumi, ukuta walioujenga kuzunguka mwamba na tuta lao vingali vinaonekana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba mzingiro huo ulichukua wiki chache tu, wala si miaka kama ilivyodhaniwa na wengi.

Kuhusu vifo, ushahidi ni mwembamba. Yadin alipata vigae 11 vilivyoandikwa majina, kimoja kikiwa na jina la Ben Yair, akapendekeza kwamba huenda ndivyo vilivyotumiwa kupigia kura. Lakini Josephus alitaja watu 10. Mifupa ya watu watatu ilipatikana katika kasri la kaskazini, na ya wengine takriban 25 pangoni kusini mwa mwamba. Mwaka wa 1969 mabaki hayo yalizikwa kwa heshima za kijeshi. Hata hivyo, mifupa ya nguruwe, nyama iliyo haramu kwa Wayahudi, ilikuwa imepatikana katika pango hilo, na baadhi ya wataalamu wakauliza kama waliozikwa walikuwa Wayahudi kweli.

Sifa za Masada zilienea hasa katika karne ya 20, baada ya shairi la Yitzhak Lamdan la mwaka 1927. Kwa miaka mingi askari wapya wa vikosi vya vifaru walikula kiapo kileleni hapo. Mwaka 1995, mwanasosholojia Nachman Ben-Yehuda alionyesha katika kitabu chake jinsi simulizi hiyo ilivyochujwa ili ifae ujenzi wa taifa changa.

Miongoni mwa yaliyoachwa ni habari aliyoiandika Josephus huyohuyo: kwamba watu wa Masada walivamia kijiji jirani cha En-gedi na kuwaua wanawake na watoto zaidi ya 700, Wayahudi wenzao. Anayeamini kisa cha mashujaa kwa ushahidi wa Josephus hana budi kumsikiliza shahidi huyo anapowataja pia wahanga wa En-gedi.