Boti ya mtoni si boti ya ziwani: Mwenye mzigo ajue anapopakia

Gunia la muziri linaloshushwa sokoni Koboko, tayari kuvuka Oraba kwenda Kaya, Sudan Kusini, mara nyingi limeanza safari yake majini. Kabla ya kupanda lori Panyimur na kupitia Nebbi hadi Arua, lilikuwa ndani ya boti ya mbao juu ya Ziwa Albert. Likiloa huko, barabara ya lami haitaliponya. Samaki wataota ukungu njiani, na hasara ni ya mwenye gunia.

Ndiyo maana mfanyabiashara hapaswi kuuliza nauli tu. Aulize kwanza: boti hii ilitengenezwa kwa maji gani?

Ziwa Albert lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa kilomita 30 hivi, limebanwa na kingo za Bonde la Ufa upande wa Uganda na wa Kongo. Upepo ukishuka kutoka milimani, maji hubadilika haraka. Mawimbi yake si marefu kama ya bahari. Ni mafupi, yamesimama, na moja halijapita jingine limefika.

Mto ni habari nyingine. Nile Albert hutoka ncha ya kaskazini ya ziwa, ikapita Pakwach, Rhino Camp, Obongi na Laropi. Hapo mawimbi ni madogo. Tatizo ni mkondo, visiwa vya mafunjo vinavyoelea, viboko, na sehemu zenye kina kifupi.

Kwa mto, boti yenye tumbo bapa inafaa. Haizami sana majini, hupita penye kina kifupi, na husogea hadi ukingoni ili mzigo ushushwe kwa urahisi. Mtumbwi mwembamba wa gogo nao hupenya kati ya mafunjo, lakini hauna nafasi ya magunia, na mtu akisimama vibaya unapinduka.

Boti hiyo bapa ikipelekwa ziwani, sifa zake hugeuka kuwa kasoro. Hailikati wimbi. Hulipiga kwa tumbo, maji yakaruka ndani, na upepo ukaisukuma ubavu. Ziwa linataka boti ndefu yenye mkuku, yaani ule ubao wa chini unaopasua maji, yenye pua iliyoinuka na kuta za juu. Boti fupi hudumbukia kati ya wimbi na wimbi, lakini ndefu hukaa juu ya mawili kwa pamoja.

Hata boti nzuri huharibiwa na mzigo. Magunia yawekwe chini, katikati, yafungwe yasihame, na yafunikwe turubai. Chini yake ziwepo mbao za kuyainua, kwa kuwa maji hayakosi kuingia. Ukuta wa boti ukibaki kiganja kimoja tu juu ya maji pale ufukweni, ziwani hautabaki kitu.

Ziwa hili limekwisha kutoa funzo chungu. Machi 2014, boti iliyojaa wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi kwao kutoka Uganda ilizama, na zaidi ya watu 100 wakafa. Polisi walisema ilikuwa imebeba kupita kiasi.

Anayevuka kati ya Wanseko na Panyimur anaweza pia kusubiri kivuko cha serikali. Saa zake huenda zisimfae mwenye haraka, lakini kwa mzigo mzito kusubiri ni nafuu kuliko kupoteza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tazama tumbo la boti, urefu wake na kuta zake. Uliza kama kuna jaketi la kuokolea kwa kila abiria, pamoja na makafi endapo injini itazimika. Tazama pia milima: wingu jeusi likikusanyika upande wa Kongo, acha boti iondoke bila wewe. Mnunuzi wa Koboko atangoja siku moja zaidi, na atapokea samaki wakavu.